Shubiri Moja ya Ziada

Haki ya Mungu, humu hamna chumvi. Atakayenikamata na uongo, chai ya benchi zima iko juu yangu.

Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa hapa mtaani, alitaka kupandisha ghorofa moja juu ya nyumba yake ili dada yake na mumewe wahamie. Huko walikopanga walikuwa wameshaambiwa waondoke. Ramani ikagota ofisi ya mipango miji. Kimo kilizidi kiwango kwa shubiri moja.

"Shusha dari," akasema afisa.

"Nishushe? Shemeji yangu umemwona? Akipita mlangoni hujikunja kama futi ya seremala. Dari ikishuka, feni itamnyoa!"

Afisa hakucheka, ingawa fundi aliona masharubu yakimcheza. Akaeleza kwamba kiwango kile hakikuwekwa kwa ukorofi. Kiliwekwa ili jirani asinyimwe jua. Ikionekana jirani hadhuriki, kibali kinaweza kutoka.

Jirani mwenyewe ni dobi. Jua ndilo mtaji wake.

Hata hivyo fundi alirudi nyumbani, akashona mashuka ya nyumba nzima pamoja mpaka yakawa ukuta, akayasimamisha juu ya paa kwa miti, kimo kilekile cha ramani, na ile shubiri ikiwemo. Alasiri afisa akaja, akasimama uani kwa dobi, mikono nyuma. Dobi akaanika mashati, uso kama aliyeng'ata ndimu.

Kivuli kikatambaa sakafuni kuelekea kwenye kamba. Kikafika shati la mwisho, kikagusa ncha ya mkono, pale penye kifungo. Kikaishia hapo.

"Kimegusa," akasema dobi.

"Kifungo, kaka! Kifungo nacho huanikwa?"

Dobi akalipapasa lile shati. Kisha akalisogeza kidogo, likaingia juani lote.

"Kamba yangu ndefu, dada. Ila huyo shemeji yako aje kunisaidia kuanika kamba ya juu. Mabega yangu yamechoka."

"Hata kesho!"

Kibali kikatoka, shubiri na vyote.

Basi nilipofika hapo, nikawa nasimulia jinsi shemeji anavyolala miguu ikining'inia dirishani, shemeji mwenyewe akaingia hapa mgahawani kutuomba tukamsaidie kuhamisha kitanda. Akapita mlangoni wima. Juu ya kichwa chake palibaki nafasi ya kuweka ndoo. Nyuma yake alikuwepo dobi, kabeba kigoda; kumbe walinisikia tangu nje.

"Cha nini hicho?" mtu akauliza.

"Cha huyu," akasema dobi. "Kivuli ni kweli, shati ni kweli, na kusaidia anasaidia. Ila bila kigoda kamba haifikii."

"Na ile dari?"

"Tuliomba kimo kile kwa ajili ya hewa," akasema shemeji. "Bati linachoma, na mtoto yuko njiani. Nani kawaambia mimi mrefu?"

Benchi zima likanigeukia. Nikainua mkono kumwita muuza chai, lakini hakuhitaji kuitwa, alishaanza kumimina.