Ruhusa ya Kwenda Nyumbani

Mchana ambao mama yake alizikwa kijijini kwao, Kamachumu, Leokadia alikuwa kwenye maabara ya uuguzi chuoni, Stockholm, akiosha mikono mpaka viwikoni kama walivyofundishwa. Kukosa zoezi la siku hiyo kulimaanisha kurudia kozi. Kusafiri ndiko kulikoshindikana kabisa. Aliomba kuongezewa kibali cha kuishi kabla theluji haijayeyuka, na jibu lilikuwa bado. Mama mmoja wa ofisi ya vibali alimwambia kwenye simu, kwa upole: "Hakuna anayekuzuia kuondoka. Ila kurudi, siwezi kukuahidi."

Wamaitha, Mkenya wa darasa lake, akaja akafunga bomba. "Toka hapa, twende."

"Na zoezi?"

"Si tutarudia wote? Mimi pia natoka."

Maktabani, Vénantie kutoka Burundi alikuwa amewapatia chumba kidogo cha kusomea. Viti alishavitoa nje, akatandika kitenge sakafuni. "Msibani watu wanakaa chini," alisema. "Keti, chérie, mpenzi wangu."

Leokadia akafungua simu ya video; kule mazishini kaka yake, Gregory, alikuwa ameishika simu yake juu ya vichwa vya watu. Migomba ilionekana, imelowa mvua, kisha jeneza, kisha mashangazi wamejifunga kanga. Leokadia akatamani kuegemea bega la mmoja wao, lolote. Alitamani hata moshi wa jikoni, ule uliokuwa unamtoa machozi utotoni. Wenzake wakaanza wimbo kwa sauti ya chini, naye akaudakia.

Mlinzi akafungua mlango.

"Chumba hiki ni cha masomo. Virudisheni viti."

"Anamzika mama yake," Wamaitha alimjibu kwa Kiswidi.

Mlinzi akaitazama simu. "Poleni. Lakini kwa shughuli binafsi kuna utaratibu mwingine."

Akasubiri. Hakuna aliyeinuka. Akaondoka, mlango akauacha wazi.

"Mashangazi wanauliza unakuja lini," Gregory alisema.

"Nikipata ruhusa, kaka."

"Ruhusa ya kuja nyumbani?"

Leokadia akawageukia wenzake. Vénantie akainama kwenye simu. "Kaka, mimi ni mwenzake wa huku. Waambie tumekaa naye."

Kule wakaanza kufukia. Leokadia akaichukua simu na kuiweka sikioni. Hakutaka kuangalia tena. Alisikiliza udongo ukianguka, wenzake wamemshika huku na huku.