Asiitwe Stojanka

Kwetu mtu akifa maji, kijiji humpa kazi. Wazee waliamini kwamba aliyezama hapumziki, bali huko juu anachunga mawingu ya mvua ya mawe kama ng'ombe weupe. Wingu baya likitokea, mwanamke mmoja hutoka nje akamwita kwa jina yule wa mwisho kuzama, amsihi arudishe mifugo yake isikanyage mashamba. Nimeusikia mwito huo tangu utotoni na sikuwahi kuuchukia. Nimeuchukia mwaka huu, maana wa mwisho kuzama kijijini kwetu ni mke wangu, Stojanka.

Alizama vuli iliyopita, msimu wa kupika pombe ya plamu. Alikuwa anatoka kwenye mtambo wetu ng'ambo ya mto, mbao za daraja la miguu zikamwachia. Zilikuwa zimeoza miaka na miaka. Velizar, mwenyekiti wa wilaya, alipokuja kuomba kura aliapa kuzibadilisha. Akala nyama yetu, akanywa pombe yetu, akaenda zake. Baada ya mazishi watu walimuuliza habari za daraja. Akajibu kwamba mwanamke anayetoka kwenye mtambo wa pombe asilaumu ubao, aulaumu mguu wake. Kuna waliocheka. Stojanka hakuwahi kuonja hata tone. Harufu ya pombe tu ilimuumiza kichwa. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini wingu nalijua kwa sababu ya moto ule. Plamu zikichemka, mvuke unapanda, unakutana na shaba iliyopozwa, unageuka matone, unashuka kwenye ndoo. Mbingu ni mtambo huohuo. Jua la Juni linapasha mto na mashamba yaliyolowa, mvuke unapanda bila kuonekana, huko juu unakuta baridi, unashika chembe za vumbi na kuwa matone. Hilo ndilo wingu. Joto likizidi kusukuma kutoka chini, matone yanapandishwa mpaka yanaganda. Yanashuka kidogo, yanalowa, yanapandishwa tena, yanavaa ganda juu ya ganda kama kitunguu, hadi upepo unashindwa kuyabeba. Hapo tena yanatuangukia sisi. Hakuna ng'ombe, hakuna mchungaji.

Hayo ya ganda juu ya ganda nilifundishwa na wilaya yenyewe, siku waliponifanya mpiga roketi. Kilimani kuna kibanda chenye mabomba ya kurushia. Roketi inabeba unga wa dawa, inaumwaga ndani ya wingu, maji yanagawana chembe nyingi na kushuka kama mvua au punje ndogo badala ya mawe makubwa kama mayai. Ni kazi nzuri ukiwa na roketi. Mwaka huu hazikuletwa. Kila nilipopiga simu niliambiwa ziko njiani. Plamu zilitoa maua, maua yakapukutika, roketi ziko njiani.

Wingu lilikuja mchana mmoja rasiberi zikianza kuiva. Lilikuwa na tumbo la kijani, rangi ambayo mkulima hapendi kuiona. Kukaa kibandani na mabomba matupu niliona ni kujichekesha, nikashuka. Barabarani nikawakuta wanawake wameshatoa meza: mkate, chumvi, na shoka limelazwa makali yakitazama juu. Mbele yao alisimama Bosiljka, jirani yangu, bibi wa miaka themanini, ambaye ndiye mwitaji wetu tangu mama yake alipofariki. Nilimkuta anakohoa, anasafisha koo.

Nikasimama kati ya meza na wingu. Nikawaambia hapa haitwi mtu.

Walinijia juu wote kwa pamoja. Mmoja akasema rasiberi zake hazina habari na huzuni yangu. Mwingine akasema mwanamume kusimama mbele ya meza ile ni mkosi, nikamjibu mkosi tulishaupigia kura. Bosiljka akawanyamazisha kwa mkono, akanisogelea.

"Dragojlo, mwanangu, nipishe. Stojanka nilimpenda. Nitamwita kwa upole, kama namwita aje kunywa kahawa."

"Mama Bosiljka, ukimwita, mawe haya yatakuwa yake. Daraja walisema ni kosa lake. Sasa na mvua ya mawe nayo mumbebeshe?"

"Kwani nimesema ni kosa lake? Namwomba msaada."

"Unamwomba aliyekufa kazi ya aliye hai. Roketi anazo Velizar. Mwite Velizar."

Wanawake wakaguna. Bosiljka akanitazama kama mtu aliyemwona mbuzi amepanda dari.

"Velizar hajazama, we mtu."

"Ndiyo maana ana masikio."

Jiwe la kwanza lilipiga bati la zizi langu. La pili likadunda juu ya meza, chumvi ikamwagika. Nilimwona Bosiljka akitazama shamba lake, safu zile alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanitazama mimi. Sikusogea. Mawe yalinipiga mabegani na sikusogea. Bibi yule akageuka, wingu akalipa mgongo, akaelekea upande wa mjini na kupaza sauti.

"Ee Velizar! Velizar, mwana wa Krunija! Rudisha ng'ombe wako weupe! Usituletee huku, huku walishakula kila kitu!"

Wingu halikusikia, nani alitegemea lisikie. Tulikimbilia zizini, wanawake na mimi na mbuzi, tukasikiliza rasiberi zikisagwa. Lilipopita hapakubaki jani zima, si kwake wala kwangu. Bosiljka alilia. Mimi sikulia, na hakuna aliyeniomba msamaha wala mimi sikumwomba mtu.

Habari ilifika mjini kabla maji hayajakauka. Krunija, mama yake Velizar, alisikia mwanawe ameitwa kwa mwito wa waliozama, akaona ni kumtabiria kifo, akajilaza kitandani akikataa kula. Jumapili gari jeusi likaja. Velizar, mtu wa suti, alikwenda kwanza kwa Bosiljka kuomba mwito ubadilishwe jina. Bosiljka akamwambia jina la kuweka mahali pake lipo, ila mwenye nalo ni yule pale, akaninyooshea kidole.

Akaja uani kwangu, kijiji kizima nyuma yake.

"Mzee Dragojlo, tusaidiane. Mama hali vizuri. Waruhusu wamwite marehemu, si ndiye aliyezama?"

"Alizamaje?"

"Ah, mambo ya zamani hayo."

"Alizamaje, mheshimiwa? Sema hapa wote wasikie. Sema mbao zilikuwa zimeoza, sema uliapa, sema hakuwa amelewa. Ukimaliza, hatutakuita tena, utashuka huko mawinguni ulikopandishwa."

Alifungua mdomo. Kweli, kidogo aseme, nilimwona. Kisha akamtazama dereva wake, akawatazama watu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu wa nafasi yake akitamka maneno kama hayo amejifunga kamba mwenyewe.

"Basi kaa na ng'ombe wako," nikamwambia. "Uwachunge vizuri."

Safari hii hakuna aliyemchekea. Gari liligeuza kwenye matope na kuondoka.

Wiki ile mafundi walikuja kimyakimya kupiga mbao mpya za mwaloni darajani. Baada yao likaja lori la roketi, makasha mengi kuliko nilivyowahi kuona. Nilipokea yote, kwa nini nisipokee, ni haki yetu. Neno lenyewe halijaletwa.

Sasa wingu likitokea, mimi nawasha roketi kilimani na Bosiljka anatoa meza barabarani. Namsikia kutoka juu, koo lake bado zima. Anamwita Velizar. Ataitwa Velizar mpaka aseme.