Ramadhani Pua Ilipoziba

Mwaka wa hamsini na saba Thika ilikuwa na mengi ya kuogopa: askari wa kukagua kipande cha utambulisho, msako wa alfajiri, lori lililokuja tupu likaondoka limejaa watu. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, watu wa mtaa wa Majengo waliongeza kitu kimoja juu ya hayo yote, nacho ni pua ya Bi Amida.

Pua yenyewe ilikuwa ndogo tu, imekaa usoni kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa chai. Lakini upepo ukileta uvundo wa kiwanda cha ngozi, kila mtu ameziba pua kwa kanga, yeye angekuambia katikati ya uvundo ule kwamba nyumba ya tatu wameunguza maharagwe. Na mtu akila kobe, akajificha kula mchana huku anajidai amefunga, heri angehamia Nairobi. Bi Amida angepita mlangoni, arudi hatua moja, anuse, kisha aulize kwa sauti ya kufika msikitini, "Nani humu amesahau mwezi?"

Mwaka uliotangulia alimnasa Idarous, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya Bi Amida. Sambusa zilikuwa kwenye mtoto wa cherehani, ile droo yake, chini ya vifungo na reli za uzi. Idarous alijitetea kwamba tumbo linamuuma, amefungua kwa ugonjwa.

"Tumbo linalouma halili sambusa," Bi Amida akasema, na maneno hayo yakafika mtaa wa Kamenu kabla Idarous hajamaliza kutafuna.

Pua hiyo hiyo ndiyo iliyopika. Wapishi wengine, mfungo ukiwa mfungo, huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema. Bi Amida alisema huko ni kubisha hodi kwenye dhambi. Yeye aliinama juu ya sufuria, akavuta mvuke, akasema, "Chumvi kidogo." Utasema chumvi haina harufu. Nenda ukamwambie yeye. Pilau yake ya futari ilifanya nyumba ijae hata asipoalika mtu, na nyumba ikijaa ndipo alipokuwa na raha: watu wanakula, habari zinamiminika, na yeye katikati anagawa vyote viwili.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa. Binti yake Mishi alikuwa ameposwa na Ahmad wa Ruiru, na Mishi alimtaka Ahmad kiasi cha kuimba akiosha masufuria. Kizuizi kilikuwa mama yake Ahmad. Bi Kalondu alizaliwa Mkamba wa Machakos, akaingia dini kwa ndoa, na tangu siku hiyo akawaacha nyuma waliozaliwa ndani yake. Posa ya kwanza ya Ahmad, kule Kamenu, aliivunja kwa sababu aliona chembe za mkate kwenye ndevu za mjomba wa msichana saa nane mchana. "Nyumba yenye kobe," alisema, "sitii mguu, sembuse mwana." Sasa alituma neno kwamba Ijumaa atakuja kufuturu Thika, aione hiyo pua inayosifiwa, na jibu la posa atalitoa hapo hapo.

Na pua ikaziba.

Ilianza na mvua ya Aprili iliyomnyeshea akitoka sokoni. Mafua yalikuja, yakakaa, yakaaga vizuri kama wageni wa heshima. Siku mbili baadaye yakarudi na mizigo. Kichwa kikaanza kumuuma, naye akadhani ni kile cha kukosa chai ambacho kila mfungaji anakijua, kinachoisha kwa kikombe cha kwanza cha magharibi. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, akamaliza birika. Kichwa kikabaki. Kilikaa nyuma ya macho na chini ya mashavu, kizito, kama aliyefungiwa jiwe usoni. Akirukuu, uchungu unamiminikia paji la uso. Akisujudu, machozi yanamtoka, na Mishi akawaambia majirani jinsi mama anavyolia kwa uchaji Mungu mwaka huu.

Jirani yake Njambi alimletea ugoro baada ya futari, apige chafya, uchafu utoke wote. Alipiga chafya mpaka akaona nyota, na hakikutoka kitu. Kisha meno ya juu yakaanza kuuma, yote pamoja. Asubuhi ya Jumatatu alifungua kopo la iliki, akaingiza pua nzima ndani. Ilikuwa kama kunusa kokoto za mto Chania. Bi Amida akakaa chini pale pale jikoni. Angeweza kuvumilia kichwa. Lakini pilau ya Ijumaa, mbele ya Bi Kalondu, angeipika na nini?

Hakumwambia mtu. Alijifunika buibui akaenda dispensari.

"Nitolee jino," alimwambia Zacharia, dresa aliyetibu watu pale.

"Lipi?"

"Lolote la juu. Yote yanauma, chagua wewe."

Zacharia hakugusa koleo. "Hebu inama, mama, kama unaokota sindano."

Aliinama, akashika meza. "Ni kama mtu amenimwagia uji wa moto ndani ya paji."

Zacharia akambonyeza chini ya macho, kidogo tu, naye akaruka. Akamuuliza kamasi zake ni za rangi gani. Bi Amida, aliyejua siri za Majengo nzima, aliangalia dirishani. "Kijani," akasema. "Nzito."

"Jino halina kosa," Zacharia akasema. "Mifupa ya uso ina vyumba ndani yake, vitupu, huku nyuma ya mashavu na huku juu ya macho. Kila chumba kina kimlango cha kutokea puani. Mafua yakikupata, kimlango kinavimba, kinajifunga, na uchafu unabaki ndani. Meno ya juu yako chini ya sakafu ya chumba hicho, ndiyo maana yanalalamika. Nikilitoa, utakwenda nyumbani na pengo na kichwa kile kile."

"Nyumba imejaa na mlango umefungwa."

"Hivyo hivyo."

"Mimi napenda nyumba ikijaa," Bi Amida akasema, "lakini si hivi."

Hakumchoma sindano. Wengi, alisema, hupona bila sindano, mlango ukisaidiwa kufunguka. Ajifukize kwa mvuke, sufuria ikiwa chini na si juu ya moto. Aweke kitambaa cha maji ya moto mashavuni. Achemshe maji, yapoe yawe vuguvugu, atie chumvi kidogo, ayapitishe tundu moja la pua yatokee la pili. Asipenge kwa nguvu. Alale kichwa kimeinuka. Vidonge vya aspirini hivi, na asivimeze na tumbo tupu. "Jicho likivimba, au homa ikapanda sana, au shingo ikakaza, usingoje kesho, njoo mbio. Na maji unywe mengi, mchana kutwa, ule uchafu ulainike."

"Nimefunga."

"Basi fungua. Nasikia dini yenu inamruhusu mgonjwa, atalipa baadaye."

"Mgonjwa, ndiyo," Bi Amida akasema. "Lakini si mimi."

Njiani alilitafakari jambo lile. Mungu amemruhusu, hilo alilijua. Majengo je? Angesema nini watu wamwamini, yeye aliyetangaza kwamba tumbo linalouma halili sambusa? Na Bi Kalondu akisikia mama wa bibi harusi anakunywa maji mchana, atauliza cheti cha dresa au atageuza njia arudi Ruiru? Hapana. Angekunywa, lakini asionekane. Yaani angekula kobe.

Kesho yake akaepua sufuria ya maji yaliyochemka, akatia majani ya mkaratusi, akaiweka sakafuni kwenye stoo, akajifunika blanketi yeye, sufuria na jagi la maji ya kunywa. Mishi aliambiwa mama anajifukiza mafua, asisumbuliwe. Hilo lilikuwa kweli. Habari za jagi zilibaki chini ya blanketi. Akafanya hivyo siku ile na iliyofuata, asubuhi na alasiri, na kichwa kikaanza kulegea kidogo, ingawa iliki bado ilikuwa kokoto.

Asilolijua ni kwamba Idarous alikuwa ameanza kuishuku ile pua. Alimpima shemejiye kidogo kidogo, kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Kwanza alitafuna njugu karibu yake. Halafu andazi. Halafu akapita nyuma yake na samaki wa kukaanga kwenye mfuko wa koti, na shemeji hakugeuka hata shingo. Alhamisi, ushujaa ukiwa umempanda, akaona ya nini kujibana na mtoto wa cherehani. Akachukua chapati yake akaingia stoo, mahali penye giza zuri, akaegemea gunia kubwa la makaa na kuanza kula kwa nafasi.

Gunia likameza maji.

Idarous alikuwa ameona mengi, lakini hajaona gunia likifanya gu, gu, gu. Akavuta blanketi. Mvuke ukampiga usoni, na ndani ya mvuke akamwona Bi Amida, jagi mdomoni. Bi Amida naye akaona chapati iliyoning'inia kwenye mdomo wa fundi.

"Shemeji," akasema Idarous.

"Shemeji," akajibu Bi Amida.

"Ni tumbo?" Idarous akauliza, kwa upole wa mtu aliyengoja mwaka mzima.

"Ni pua. Dresa ameniambia ninywe."

"Hata mimi mwaka jana niliambiwa nile."

"Na nani?"

"Na tumbo."

Bi Amida aliweka jagi chini. Angeweza kugombana, lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Akamweleza yote, pua, meno, vyumba vya Zacharia, na kwamba hawezi kutofautisha bizari na vumbi la barabara. Idarous alimsikiliza akitafuna.

"Huna pua," akasema mwishowe, "lakini mimi nina ulimi, na sijafunga. Kesho nitapita jikoni nionje. Nikikohoa, ongeza chumvi. Nikipiga chafya, ongeza viungo. Nikinyamaza, Mishi ameolewa."

"Na malipo yako?"

"Neno sambusa lisitajwe tena Majengo, mpaka kiyama."

Wakakubaliana.

Bi Kalondu alifika Ijumaa alasiri, mrefu, mkavu, tasbihi mkononi. Mishi alimtandikia mkeka sebuleni, naye akaukataa. "Mimi nimekuja kuona pua ikifanya kazi," akasema. Akavuta kigoda mpaka jikoni, akakaa kando ya meko, goti lake karibu liguse sufuria.

Idarous akatokea mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, kijiko kimefichwa kwenye mkono wa kanzu.

"Wewe fundi, jikoni unapima nini?"

"Pazia, mama."

"Jikoni hamna dirisha."

"Ndiyo maana nachelewa," Idarous akasema, lakini jicho la Bi Kalondu lilimsukuma kinyumenyume mpaka barazani, pamoja na kijiko chake.

Bi Amida akabaki na sufuria. Wali umeingia, nyama imeingia, na yeye hajui kama ndani mna pilau au matope. Mishi alikuwa amesimama pembeni ameshika mwiko, haimbi. Hakuna cha kufanya ila kufanya kama siku zote. Akafunua kifuniko, akainama, akavuta mvuke kwa nguvu zake zote, mara moja, mara ya pili, macho yakimtoka machozi.

Mara ya tatu kitu kikaachia nyuma ya shavu la kushoto, kama kizibo kinavyotoka kwenye chupa. Akakimbilia kitambaa. Aliporudi, dunia ilikuwa na harufu. Mkaratusi wa asubuhi. Iliki. Karafuu. Na chini kabisa, ukoko unaoanza kushika.

"Mishi, punguza makaa," akasema, "ukoko unashika."

"Mashallah," akasema Bi Kalondu, akisogea karibu. "Kumbe ni kweli."

Aliposema hivyo ndipo Bi Amida alipoisikia harufu nyingine. Haikutoka kwenye sufuria. Ilikuwa maini. Maini ya kukaanga, vitunguu vingi, pilipili manga kidogo, ya mchana huo huo. Pua ikaifuata yenyewe, kwa mazoea ya miaka, ikapita juu ya mvuke, ikapita tasbihi, ikaishia mdomoni mwa mgeni.

Mwaka jana angerudi hatua moja na kuuliza swali lake. Swali lilikuwa tayari limefika mwisho wa ulimi. Kisha akakumbuka blanketi, na jagi, na gu, gu, gu.

"Mishi, nenda katazame sharubati," akasema. Binti alipotoka, aliinamia sikio la mgeni. "Bi Kalondu, huko Ruiru maini mnayakaanga na vitunguu vingi."

Tasbihi ikasimama. Bi Kalondu akamtazama, na ule ukavu wa uso ukaanza kuvunjika pembeni mwa mdomo.

"Nina vidonda vya tumbo," akanong'ona. "Daktari amenikataza kukaa na njaa. Huu mwaka wa pili. Hata Ahmad hajui. Nitamwambiaje mtu, mimi, baada ya yale ya Kamenu?"

"Mimi ni pua," Bi Amida akasema. "Tangu Jumanne nakunywa maji chini ya blanketi kwenye stoo. Hapa nimepika kwa kubahatisha, dada yangu, tundu moja tu ndilo lililozibuka, na chumvi siijui."

Bi Kalondu akaanza kucheka, kwanza kimya, mabega tu, halafu akashindwa, na Bi Amida akamfuata, ingawa kila cheko lilimgonga paji la uso. Walipotulia, mgeni alinyoosha mkono.

"Lete kijiko. Tuko wagonjwa wawili humu, hatuna wa kumwogopa."

Akaonja. Akafikiri. Akaonja tena, zaidi ya ilivyohitajika. "Chumvi kidogo," akasema. "Na binti yako mwambie aanze kushona nguo za harusi."

Kicheko kilikuwa kimemrudisha Idarous mlangoni, kijiko mkononi waziwazi, anatabasamu kama mtu aliyefika kwenye kikao chake. Wanawake wawili wakageuka wakamwangalia.

"Huyu naye," Bi Kalondu akauliza, "anaumwa nini?"

Idarous akamtazama shemejiye, aliyeapa kutotaja sambusa. Bi Amida hakuzitaja. Alisogea karibu, akanusa mara moja kwa lile tundu la kushoto.

"Andazi," akasema.

Akanyoosha kiganja. Idarous akatoa ufunguo wa mtoto wa cherehani, alimoficha maandazi yake, na Bi Amida akaufunga kwenye pindo la leso yake, mpaka Idi.