Watu wa Nyumbani

Jumanne hiyo asubuhi Ghazanfar aliifunga simu kwenye mpini wa bomba la maji kwa kipande cha kamba, akaielekeza kwenye chungu cha mboga ya haradali, akahakikisha mara mbili kwamba hakuna kinachoonekana kupita viwiko vya mkewe. Kisha akakohoa na kuvaa sauti yake ya chaneli.

"Assalamu alaikum, ndugu zangu wapenzi. Leo watu wa nyumbani wanapika mboga ya haradali na mkate wa mahindi. Kabla hujaondoka, bonyeza kengele."

Watu wa nyumbani walikuwa Farkhanda, peke yake. Kijijini kwao, upande wa Chiniot katika Punjab, mwanamume mwenye adabu hamtaji mkewe mbele za watu. Husema ghar wale, watu wa nyumbani, kwa wingi, na heshima inakuwa imetimia. Mama mkwe alimwita bi arusi, ingawa harusi ilikuwa na miaka kumi sasa. Wengine wote walimwita Mama Iqra, kwa jina la binti yake. Jina la Farkhanda lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa sandukuni, chini ya mablanketi ya kipupwe.

Chaneli iliitwa Kijijini na Ghazanfar. Ilionyesha mikono ya Farkhanda ikikanda, ikikata, ikigeuza mkate. Sauti yake haikusikika, maana Ghazanfar aliifunika kwa muziki wa filimbi. Wafuasi walikuwa mia nne na kumi na wawili, na nusu yao, tuseme ukweli, walikuwa binamu.

Siku walipofika elfu moja, kwenye sinia la unga kulikuwa na mikono minne. Aliyechuchumaa kando ya Farkhanda alikuwa Farkhanda, na bangili zile zile za kijani na kovu lile lile la moto juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Mama mkwe aliwatazama kutoka kwenye kitanda chake cha kamba.

"Mpe kisu huyo," alisema. "Asikae bure na vitunguu havijamenywa."

Ghazanfar aliisogeza simu nyuma kidogo ili mikono yote iingie. Siku zote alisema watu, na watu ndio hao. Video ile ilitazamwa kuliko zote zilizotangulia. Watu wa Multan na wa Dubai waliandika kwamba mawifi wanaopendana namna hii ni nadra siku hizi, na mmoja akaomba dua nyumba isipatwe na jicho.

Kwenye elfu tano akaja wa tatu. Kufikia elfu themanini walikuwa saba, na mambo yalikuwa mazuri, hakuna haja ya kuficha. Mmoja alikamua nyati wao wa kufugwa, mmoja alibandika mavi ya nyati huyo ukutani yakauke kuwa kuni, mmoja alimsuka Iqra huku mwingine akimsomesha hesabu. Iqra aliita "Ammi", yaani mama, na kuitikiwa kutoka pande zote za ua. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Farkhanda alikunywa chai ingali moto.

Alitaka kitu kimoja tu. Mama yake aliishi Layyah, mwendo wa mabasi matatu, na kila video aliitazama kwenye simu ya jirani yake Sughran. Kovu lile alilitibu mwenyewe kwa ute wa yai, Farkhanda akiwa na miaka tisa. Alipoliona akasema, huyo ni mwanangu. Sughran hakukubali.

"Mikono ni mikono," alisema. "Punjab hii mwanamke gani hana kovu la tanuri? Angekuwa mwanao si wangemtaja?"

Siku ile mama alirudi kwake bila kumaliza chai. Farkhanda alipopata habari hizo alilia kidogo, akanawa uso, akasubiri mumewe apakuliwe halua ya karoti.

"Baba Iqra."

"Naam."

"Nitaje kwenye video. Mara moja tu, mama asikie."

"Nikutaje mbele ya wanaume wote wale?"

"Wanaume wale wanajua ninavyokanda unga. Wajue na ninaitwa nani."

Ghazanfar alilamba kijiko. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, na bila yeye asingejua hata chumvi inakaa wapi.

"Tukifika laki," alisema. "Laki ikitimia nakutaja. Neno la mwanamume."

Hapakuwa na haja ya kuwaeleza wale wengine, kwa kuwa kila mmoja alikuwa Farkhanda na kila mmoja alikuwa na mama yule yule. Wakaishika kazi. Walimenya vitunguu saumu kwa mdundo mmoja. Walirusha mikate saba kwa mpigo ikanata ndani ya tanuri ikisema pa, mara moja tu, na mlio huo peke yake ukaleta wafuasi elfu sita kwa wiki.

Laki ilitimia Ijumaa. Baada ya sala Ghazanfar alinunua jalebi zenye shira, akalivisha bomba shada la maua ya manjano, akarusha matangazo mubashara. Wanawake saba waliketi mstari mmoja. Mikono kumi na minne ilitulia magotini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza chaneli kuionyesha bila kazi. Kule Layyah mama alikuwa ameshafika kwa Sughran, na mtandio wake wa Idi.

"Ndugu zangu, tumefika laki," alisema Ghazanfar. "Na leo kuna mtu niliahidi kumtaja."

Aliwatazama wa kwanza mpaka wa saba, akaishusha simu, akanong'ona.

"Niliyemwahidi ni yupi?"

"Mimi," walisema wote saba.

"Hapo sasa." Alijifuta jasho. "Nikimtaja mmoja nimewadharau sita. Au vipi, Amma?"

"Mume lazima atende haki sawa," alisema mama yake, jalebi mdomoni.

"Jina letu ni moja," alisema wa tatu. "Ukilisema mara moja umetutaja sote."

Ghazanfar alilifikiria hilo kwa uaminifu wote.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," alisema. "Aibu saba kwa pumzi moja." Akaiinua simu. "Watu wa nyumbani wanawasalimu sana."

Mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo.

Iliwauma. Iliwauma wote saba mahali pamoja, chini ya mbavu. Lakini jalebi zilikuwa bado moto, na ni vigumu kukaa na uchungu siku nzima katikati ya watu sita wanaojua unapouma.

Kesho yake, wakipika dengu, mmoja alisema, "Farkhanda, nipe chumvi."

"Hii hapa, Farkhanda."

Tangu siku hiyo jina ambalo ua ule haukuwahi kulisikia lilisikika kuanzia alfajiri hadi nyati anapokamuliwa jioni. Nyati mwenyewe akawa anageuza kichwa akilisikia. Mama mkwe alisema linamchosha masikio, ila si jina baya.

Jumapili mama alipiga simu, wakaiweka katikati ya sinia wasikie wote.

"Sughran kaniuliza, haya, mwanao ni yupi hapo? Nikamwambia, wote."

"Akasemaje?"

"Akasema nimezeeka."

Walicheka mpaka mikate ikaungua. "Farkhanda, mikate!" aliita mmoja, wakageuka wote saba, wakacheka upya. Ghazanfar alikuwa anarekodi, na simu ilinasa vyema kila sauti.

Jioni aliitazama video hiyo mara tatu, akitabasamu, maana watazamaji wanapenda nyumba yenye furaha. Aliipa jina: Watu wa Nyumbani Wakicheka. Kisha akachagua filimbi nzuri, ndefu, akaifunika nayo yote.