Maharage ya Mukamurenzi

Mtu wa mjini akiona maharage huona chakula tu, maskini. Mwanamke wa milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, huona nyumba ya mtu. Kila mama ana mchanganyiko wake wa mbegu, na Mukamurenzi alirithi wa mama yake: meusi, ya manjano, na yale madogo yenye mistari myekundu.

Mwaka wa tatu sasa alikuwa Kashebere, huku Walikale kwenye joto la msitu. Wenye bunduki walimwambia Masisi si kwao, kwa kuwa anasema Kinyarwanda arudi Rwanda, yeye ambaye babu wa babu yake amezikwa Masisi! Akakimbia mikono mitupu. Swali moja halikumpa usingizi: je, kilimani yupo hata mmoja anayemhesabu bado kuwa jirani?

Siku ya soko Kavira, mchuuzi wa Butembo, akafungua gunia. Mukamurenzi akatia mkono, akaganda. Meusi. Ya manjano. Ya mistari.

"Haya maharagi umetosha wapi?"

"Masisi, kwa Mama Anastasie."

Anastasie! Muhunde, wa kabila la wenyeji, waliyepakana naye mashamba, aliyemsimamia bintiye ubatizo! Moyo ukamwaka.

"Mwizi! Alingoja tu nitoke! Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Soko zima likageuka. Kavira akamsogezea gunia.

"Mama, chambua kwanza. Tafuta nyeupe."

Akayamwaga juu ya kitenge, akachambua. Anastasie hupanda maharage makubwa meupe, kila mtu kilimani anajua. Na anayekula shamba la mwenzake humwaga mbegu zote pamoja, basi, yameisha. Alichambua mpaka jasho likamtoka. Jeupe hata moja hakuna. Basi misimu sita Anastasie alilima mashamba mawili, akavuna ya kila shamba peke yake, akahifadhi peke yake.

"Alisema mbegu ikikala bila kupandwa, inakufa," Kavira akasema. "Hii gunia haiko ya kuuzisha. Alinituma niitembeze mu masoko yote, mwenyewe ataijua."

Mukamurenzi akalia palepale, bila haya. Aliitamani baridi ya Masisi, ukungu wake, hata Anastasie mwenyewe na domo lake lile. Lakini barabara ilikuwa bado ya wenye bunduki, na mtu kama yeye hakupita.

Akafunga konzi moja kwenye pindo la kitenge, mengine akayarudisha guniani.

"Umurudishie. Umwambie asitenge tena. Achanganye na yake, tuko nyumba moja, mpaka nirudi."