Tulipolikataa Neno Bukoba

Nilitoka Kibingo asubuhi kwa bodaboda, nikafika Ihembe vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Kemilembe, binti wa mdogo wangu, nilimkuta kwenye stoo ya kikundi cha akina mama kainamia kompyuta. Hata shikamoo aliisahau.

"Baba mkubwa, tangazo limekufa."

"Limekufaje?"

"Leo siku ya nne. Walioliona, karibu sifuri. Na Jumamosi lori la Byabato linakuja."

Byabato ni mlanguzi. Kila mwaka akina mama wa kikundi wanamuuzia kahawa yote ya kutafuna, zile buni tunazochemsha na majani ya harufu, tunazianika, tunampa mgeni kabla hata ya kumwuliza shida yake. Yeye anazifunga upya na kuziuza mjini kama zake. Mwaka huu Kemilembe aliwaomba wiki tatu auze mwenyewe kwenye soko la mtandaoni. Akishindwa, magunia yote kumi na moja yanapanda lori, na hakuna atakayemsikiliza tena.

Soko lenyewe lina kero zake. Mtu akiandika kahawa, tangazo lako linamtokea. Akilibonyeza unakatwa hela, anunue asinunue. Wiki ya kwanza walibonyeza waliokuwa wanatafuta mashine za kahawa na vikombe, hela ikateketea bure. Dawa yake ni orodha ya maneno ya kukataa: ukiweka humo "mashine", anayetafuta mashine hakuoni. Kemilembe hakuyaingiza moja moja. Alikuwa na programu inayopita kwenye API, mlango ambao programu huongea na soko bila mtu kufungua kurasa. Unajaza jedwali, inapeleka yote kwa mkupuo.

Nikalisoma jedwali. Mashine. Vikombe. Sufuria. Bukoba.

"Hii Bukoba kaiweka nani?"

"Shangazi. Ndiye mwenyekiti."

Nimezunguka Mwanza, Mererani, Dar es Salaam, miaka arobaini, na kote huko kahawa hii inaitwa kahawa ya Bukoba. Yaani tumelipia tangazo, halafu tumewaficha wateja wetu wenyewe.

"Si uliondoe!"

"Nimeliondoa mara tatu. Kila mara linarudi papo hapo."

Kumbe kikundi kiliitaka programu iwe kama sanduku lao la akiba, lile ambalo kila kufuli ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Bila namba ya siri inayoingia kwenye simu ya mwenyekiti, orodha aliyoidhinisha inajirudisha yenyewe. Nikaitukana programu. Kemilembe akaniambia haisikii.

Tukapanda hadi Chonyonyo. Dada yangu Salvina, ndiye huyo mwenyekiti, alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kumbe u hai? Nilidhani safari hii wamekuzika huko unakozurura."

"Tunaomba namba ya siri, tuliondoe neno Bukoba."

Kisu kikasimama. "Sitoi. Baba alikuwa anapeleka kahawa Bukoba kwa baiskeli, siku tatu njiani. Ikifika, gunia linapigwa muhuri wa Bukoba. Mnyambo wa huku Karagwe alime, sifa wachukue wao. Na kwenye mtandao tena?"

"Dada, tangazo letu linasema Karagwe, hilo haliguswi. Anayeandika Bukoba ni mteja, anapotafuta."

"Basi ajifunze."

"Atajifunzia wapi, na tumemkatalia hata kutuona?"

"Hayo maneno yako ya vijiweni peleka vijiweni."

Kemilembe akafungua simu yake, akamsomea walichoandika watu wiki moja kabla ya kulikataa neno. "Kahawa ya kutafuna ya Bukoba, watu mia mbili na sita. Kahawa ya kutafuna ya Karagwe, wawili."

"Na hao wawili ni akina nani?"

"Mmoja ni mimi, shangazi. Nilikuwa najaribu."

Salvina hakucheka. "Hao mia mbili ni Wahaya wa hukohuko Bukoba."

"Siyo wote," nikasema. Uvumilivu ulikuwa umeniisha, nikatoa ambalo sikupanga kulitoa. "Mimi mwenyewe huko nikiulizwa kwetu wapi, nasema Bukoba. Ukisema Karagwe wanakuuliza ni Uganda au Rwanda. Nilichoka kueleza. Siku nikitamani kahawa yetu, nitaandika hivyohivyo."

Akaweka kisu chini.

"Cassian. Ile baiskeli mlimani, nani alikuwa anaisukuma kwa nyuma?"

"Mimi."

"Na bado ukasema Bukoba."

Akafuta mkono kwenye kanga, akamrushia Kemilembe simu yake. "Soma hiyo namba mwenyewe. Mimi sitaiona."

Neno likaondoka. Hadi jioni watu walikuwa wameanza tena kuliona tangazo, na siku mbili baadaye wateja kumi na tisa walikuwa wameagiza, karibu wote Dar es Salaam. Kumi na tisa si wengi. Jumamosi akina mama walibishana mbele ya lori hadi dereva akazima injini. Mwishowe magunia saba yakapanda, manne yakabaki, na Kemilembe akapewa miezi miwili mingine.

Salvina alifunga pakiti na wenzake, akamsalimia kila mtu, hata dereva wa Byabato. Mimi nilimwamkia mara mbili. Ya kwanza aliendelea kufunga pakiti. Ya pili akamgeukia Kemilembe.

"Kamwulize yule mtu wa Bukoba kama anakunywa chai."