Zebra ya Mbele ya Zahanati

Mimi hupaka alama za barabarani, na sipendi kuambiwa pa kutopaka. Asubuhi ile nilikuwa nimeshateremsha ndoo na rola mbele ya zahanati, kwenye zebra iliyofifia hadi mimi mwenyewe niliyeichora nainama kuiona. Mdogo wangu, askari wa trafiki anayesimama hapo, alinijia kabla sijafungua ndoo.

"Kaka, iache."

"Niache nini?"

"Zebra. Mpaka mwezi wa sita."

Nilielewa, na nikapandwa na hasira. Tangu faini za barabarani zianze kubaki kwenye kituo cha polisi badala ya kwenda serikali kuu, kituo kimepata gari, redio na askari sita wa mkataba. Mmoja wao ndiye huyu. Na faini nyingi zilitoka hapa: madereva hawaioni zebra, wanapita watu wakivuka, wanaandikiwa.

"Mkuu wa kituo anasema mkono mtupu haulambwi," aliniambia. "Faini zikishuka, mwezi wa sita mikataba haiongezwi. Mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho, ndiye nitakayetoka kwanza. Unataka nirudi kwa mama na mtoto mgongoni?"

"Na atakayegongwa?"

"Hajagongwa mtu."

"Bado."

Akanitazama kwa macho ya marehemu baba, yale ya kukukata kauli. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kidogo pia. Nikashika mshikio wa ndoo niirudishe garini. Damu ni damu.

Hapo mama mjamzito akatoka zahanati, faili mkononi, akakanyaga lami akijua yuko kwenye zebra. Lori la mchanga lilikuwa linakuja na mteremko. Dereva hakupunguza mwendo. Apunguze kwa lipi, kwani kulikuwa na kitu? Mdogo wangu akapuliza filimbi, kisha akaitupa na kukimbia. Breki zililia. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kwao, mdogo wangu amemkumbatia yule mama, karatasi zake zimetapakaa chini ya bampa.

Dereva alishuka. "Afande, sikuiona. Haki ya Mungu, sikuiona."

Nilingoja mdogo wangu atoe kitabu cha faini. Hakukitoa. Alimvusha yule mama, akarudi katikati ya barabara, akanyoosha mikono yote miwili. Magari yakasimama huku na huku.

"Unangoja nini?" akauliza bila kugeuka. "Paka."

Nilipaka mistari saba, honi zikitutukana. Hakuruhusu hata pikipiki ipite mpaka rangi ilipokauka. Ndipo alipotoa kitabu, akaandika, akachana karatasi na kunipa. Kosa: kuzuia barabara.

"Si wewe uliyeyazuia magari?"

"Lipa leo leo, kaka," alisema. "Zebra sasa inaonekana; hapa sitaandika nyingine."